Mchezaji Atakayetajwa Baadaye

Tarehe 7 Julai 2008, katikati ya msimu wa besiboli nchini Marekani, klabu ya Cleveland ilimtoa mrushaji wake nyota, CC Sabathia, kwenda klabu ya Milwaukee. Cleveland iliahidiwa vijana wanne. Watatu walitajwa siku hiyo hiyo: Matt LaPorta, Zach Jackson na Rob Bryson. Wa nne hakutajwa. Kwenye makubaliano aliandikwa tu kama mchezaji atakayetajwa baadaye.

Mashabiki wa Cleveland walibishana juu ya uamuzi huo kwa miaka, na wapo wanaobishana hadi leo. Tunaona ubishi wao unastahili kusikilizwa hata na sisi tulio mbali na tuliokulia kwenye mpira wa miguu, kwa sababu ndani yake kuna maswali mawili tunayokutana nayo darasani kila wiki. Uamuzi wa binadamu upimwe kwa kipimo gani? Na mtu anapobadilishwa na mtu mwingine, ni nini hasa kinachobadilishwa?

Tueleze kwanza mchezo wenyewe. Katika besiboli, mrushaji ndiye anayemtupia mpira mpigaji wa timu pinzani, na mechi nzima huanzia mkononi mwake. Mrushaji anayeanza mechi hucheza takriban mara moja kila siku tano, kwa kuwa mkono unahitaji kupumzika. Kila timu hucheza mechi 162 kuanzia majira ya Aprili hadi mwisho wa Septemba, kisha timu chache huingia hatua ya mtoano mwezi Oktoba. Uhamisho wa katikati ya msimu nao haufanani sana na ule wa soka. Mara nyingi klabu haitoi ada ya kumnunua mchezaji, bali hutoa wachezaji wake wengine. Timu iliyokwisha kata tamaa humtoa nyota ambaye mkataba wake unakaribia kwisha, na timu yenye tumaini hutoa vijana wa baadaye. Wakati huo mwisho wa kufanya hivyo kwa uhuru ulikuwa tarehe 31 Julai, ndiyo maana kila Julai mashabiki hawalali.

Sasa turudi Cleveland. Mwaka 2007 Sabathia alishinda mechi 19 na kupata Tuzo ya Cy Young, anayopewa mrushaji bora wa ligi. Timu ilifika hatua ya mwisho kabla ya fainali kuu na kuongoza dhidi ya Boston kwa ushindi wa mechi tatu kwa moja, kisha ikapoteza mechi tatu mfululizo na kutolewa. Watu walinunua tiketi za mwaka uliofuata wakiamini zamu yao imefika, kwani ubingwa wa mwisho wa Cleveland ulikuwa wa mwaka 1948. Lakini ilipofika Julai 2008 timu ilikuwa imepoteza mechi nyingi kuliko ilizoshinda. Mazungumzo ya mkataba mpya na Sabathia yalikuwa yamekwama, na mwisho wa msimu angekuwa mchezaji huru.

Mashabiki wakagawanyika. Upande mmoja ulisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Huyu alichaguliwa na klabu mwaka 1998 akiwa kijana wa shule, akaanza kucheza ligi kuu mwaka 2001 akiwa na miaka 20, amekua mbele ya macho yetu. Mnamtoaje kwa vijana ambao hakuna aliyewahi kuwaona? Upande wa pili ulijibu: bora nusu shari kuliko shari kamili. Ataondoka tu baada ya miezi mitatu. Tukimwacha aende hivi hivi, tutabaki na picha zake ukutani.

Yaliyofuata yalionekana kuupa ushindi upande wa kwanza. Huko Milwaukee Sabathia alianza mechi 17, akashinda 11 na kupoteza 2, na mechi saba alizirusha mwanzo hadi mwisho bila kupokewa. Kuelekea mwisho wa msimu alikubali kurusha akiwa na siku tatu tu za mapumziko badala ya nne za kawaida, tena mara kwa mara, ingawa alijua kwamba mkono huo ndio mtaji wake na kwamba mkataba mkubwa ulikuwa unamngoja. Tarehe 28 Septemba aliishinda Chicago Cubs 3 kwa 1, na Milwaukee ikaingia mtoano kwa mara ya kwanza tangu 1982. Ilitolewa mapema na Philadelphia, na Desemba Sabathia akasaini na New York Yankees mkataba wa miaka saba wenye thamani ya dola milioni 161.

Cleveland nayo haikuishia hapo. Mwaka huo huo wa 2008 mrushaji wake mwingine, Cliff Lee, alishinda mechi 22 na kupoteza 3, na akaichukua Tuzo ya Cy Young baada ya Sabathia. Tarehe 29 Julai 2009 yeye pia alitolewa, pamoja na Ben Francisco, kwenda Philadelphia. Cleveland ikapokea vijana wanne: Carlos Carrasco, Jason Donald, Lou Marson na Jason Knapp. Kisha ikaja tarehe 28 Oktoba 2009, mechi ya kwanza ya fainali kuu iitwayo World Series. Upande wa New York alisimama Sabathia, upande wa Philadelphia akasimama Lee. Lee alirusha mechi nzima na timu yake ikashinda 6 kwa 1, ingawa mwishowe ubingwa ulikwenda New York. Shabiki wa Cleveland aliyewasha televisheni usiku ule aliwaona vijana wake wawili wakigombea taji ambalo mji wake ulikuwa umelingoja miaka 61. Hatuwezi kumlaumu kwa kusikia uchungu.

Je, uchungu huo unathibitisha kwamba uongozi ulikosea? Hapo ndipo tunapotofautiana na mashabiki wengi.

Kwanza, tunaona kuwa matokeo peke yake si kipimo cha busara. Aristotle anatufundisha kuwa busara ni fadhila ya kuamua vema juu ya mambo yanayoweza kwenda huku au kule. Kama jambo lingekuwa na hakika tangu mwanzo, kusingekuwa na haja ya busara, ingetosha kuhesabu. Kwa hiyo anayeamua hupimwa kwa alichokijua, kwa alivyokichunguza na kwa nia aliyokuwa nayo. Uongozi wa Cleveland ulijua mambo matatu: timu haikuwa na tumaini la kweli mwaka ule, mrushaji angekuwa huru baada ya msimu, na Milwaukee walikuwa wanatoa vijana wenye sifa. LaPorta alikuwa amechaguliwa wa saba katika uchaguzi wa vijana wa mwaka 2007, na wataalamu wengi walimtarajia makubwa. Hakuyafikia. Alicheza Cleveland hadi 2012, na jina lake likageuka hoja ya wanaosema klabu ilidanganywa. Lakini kijana kutofikia alichotarajiwa hakufanyi uamuzi wa 2008 kuwa wa kipumbavu. Kwa matokeo kila mtu ni mtaalamu.

Mfano wa pili utatusaidia kuona ugumu wa kupima kwa matokeo. Tarehe 12 Agosti 1987 klabu ya Detroit ilimchukua mrushaji mkongwe Doyle Alexander, mwenye miaka 36, kutoka Atlanta. Alexander akashinda mechi tisa bila kupoteza hata moja, na Detroit ikaongoza kundi lake kwa tofauti ya mechi mbili. Bila yeye ni vigumu kuona wangefikaje. Detroit ikatolewa kabla ya fainali. Na kijana waliyemtoa? Alikuwa John Smoltz, mwenye miaka 20, mzaliwa wa jimbo lile lile la Michigan. Alicheza Atlanta misimu 20, akatwaa ubingwa wa 1995, na mwaka 2015 akaingizwa katika ukumbi wa magwiji wa besiboli. Sasa swali: ukipima Oktoba 1987, nani alipata faida? Ukipima 1995? Kipimo kinachobadilika kila unapofungua kalenda si kipimo cha uamuzi. Kinapima bahati, na bahati haina sifa wala lawama.

Pili, na hapa tunaomba msomaji atuvumilie, swali la nani kapata faida lina kasoro kubwa zaidi. Linawataka mashabiki wawaone wanadamu kama magunia kwenye mizani. Immanuel Kant aliandika mwaka 1785 kwamba vitu vina bei, na chenye bei kinaweza kubadilishwa na kingine cha thamani hiyo, lakini mtu ana hadhi, na hadhi haina kibadala. Katika mabadilishano ya Julai 2008 tunaona maneno hayo yakijaribiwa waziwazi. Mtu mmoja aliingia kwenye mkataba bila jina. Alikuwa nafasi tupu ya kujazwa baadaye, kama mabaki ya chenji.

Nafasi ile ilikuja kujazwa Oktoba 2008. Makubaliano yalikuwa kwamba Milwaukee wakiingia mtoano, Cleveland watapewa haki ya kumchagua wenyewe yule wa nne. Kwa hiyo kila mechi Sabathia aliyoshinda kule ilikuwa inawasogeza Cleveland karibu na haki hiyo. Walimchagua Michael Brantley. Mwaka 2014 Brantley alipiga mipira 200 iliyofanikiwa, akashika nafasi ya tatu katika kura za mchezaji bora wa ligi, na akabaki Cleveland hadi mwisho wa msimu wa 2018. Na katika wale wanne wa mwaka 2009, Carlos Carrasco alichelewa kuiva, lakini mwaka 2017 alishinda mechi 18. Mwaka 2019 aligundulika kuwa na saratani ya damu, akapata matibabu, na Septemba mwaka huo huo akarudi kurusha. Kijana aliyeingia kama malipo ya Cliff Lee alikuwa amekuwa mtu ambaye mji mzima ulimwombea.

Tukubaliane jambo moja hapa. Hatusemi kwamba Brantley na Carrasco wanathibitisha kuwa uongozi ulikuwa sahihi. Tungesema hivyo, tungekuwa tumerudi kwenye kosa lile lile la kupima kwa matokeo. Vijana wale wangestahili heshima ile ile kama wangeumia bega wiki ya kwanza na kurudi kwao. Rob Bryson hakufika ligi kuu hata mara moja, na hadhi yake haikupungua kwa hilo. Tunachosema ni kwamba shabiki aliyewakataa siku ya kwanza, kwa sababu tu hawakuwa Sabathia, aliwatendea isivyo haki watu ambao hawakumkosea chochote. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wao walimpokea mgeni kama deni lisilolipwa vizuri.

Tatu, lawama ielekezwe inakostahili. Wapo waliomlaumu Sabathia kwamba hakuwa mwaminifu kwa sababu hakukubali mkataba mpya. Uaminifu wa namna gani tunaoutaka kwa mtu ambaye klabu inaweza kumhamisha Jumatatu bila kumuuliza? Katika besiboli ya Marekani mchezaji hupata haki ya kukataa kuhamishwa akishatimiza miaka kumi ligi kuu, na mitano ya mwisho kati ya hiyo akiwa na klabu moja, labda kama mkataba wake binafsi unampa haki hiyo. Sabathia hakuwa amefikisha miaka hiyo. Na hata haki hii ndogo haikuja yenyewe. Mwaka 1969 Curt Flood, mchezaji wa St. Louis, alikataa kuhamishiwa Philadelphia. Alimwandikia kamishna wa ligi kwamba yeye si mali ya kununuliwa na kuuzwa bila kujali matakwa yake. Alikuwa akilipwa dola 90,000 kwa mwaka, fedha nyingi kwa wakati ule, na wengi walimwona hana shukrani. Akakosa msimu mzima wa 1970, na mwaka 1972 Mahakama Kuu ya Marekani ikamkatalia kwa kura tano kwa tatu. Haki tuliyoitaja iliingizwa mwaka uliofuata, 1973. Yeye hakuifaidi. Alikwisha acha mchezo.

Vijana wasiofika ligi kuu walisubiri zaidi. Ni mwaka 2022 tu ndipo wachezaji wa ligi za chini walipojiunga na chama cha wachezaji, miaka 14 baada ya Brantley kuingia kwenye mkataba bila jina.

Tunajua pingamizi linalokuja. Mtu atasema: hawa wanalipwa mamilioni, wamesaini wenyewe wakijua kanuni, na mchezo ni mchezo. Kuna ukweli ndani yake. Mkataba wa hiari ni mkataba, na klabu inayobadilisha mikataba kwa mujibu wa kanuni haijaiba. Sisi hatusemi mabadilishano yenyewe ni dhambi. Katika mafundisho ya haki tunajifunza kwamba kubadilishana kwa haki kunahitaji usawa wa kinachotolewa na kinachopokelewa, na hilo klabu mbili zinaweza kulitimiza. Ila kinachoweza kubadilishwa ni mkataba, yaani huduma ya mtu kwa muda fulani. Mtu mwenyewe hawezi kuingia kwenye mizani hiyo. Mshahara mkubwa haugeuzi jambo hili, kama vile mshahara mdogo usivyoligeuza. Flood alilielewa hilo akiwa na dola 90,000 mkononi.

Pingamizi jingine lina nguvu zaidi, na linatoka kwa shabiki mwenyewe. Yeye atasema: mnazungumzia haki ya mchezaji, na ya kwangu je? Nilinunua tiketi za msimu mzima, ilipofika Julai mkaniambia msimu umekwisha. Kisha mwaka uliofuata mkafanya tena. Hapa tunakubali ana hoja. Klabu iliyowatoa washindi wawili wa Tuzo ya Cy Young ndani ya takriban miezi kumi na mitatu inadaiwa maelezo na watu wake. Shabiki ana haki ya kuuliza fedha ziko wapi, mpango ni upi, na lini tumaini litarudi. Maswali hayo ni halali kwa kuwa yanaelekezwa kwa wenye mamlaka ya kuamua. Yanakuwa batili pale yanapoelekezwa kwa mtu aliyebeba begi lake na kupanda ndege, au kwa kijana aliyeshuka kwenye ndege upande wa pili.

Kwa nini sisi waseminari tuandike haya kwa wanaparokia? Kwa sababu mazoea hujengwa kwenye mambo madogo. Anayezoea kuwapima watu kwa swali la nani kapata faida hatalitupa swali hilo akitoka uwanjani. Tunalisikia parokiani padre anapohamishwa katikati ya mwaka. Mambo haya mawili hayalingani, kwa maana padre ameahidi utii kwa hiari na mchezaji amesaini mkataba wa kazi, na askofu hafanyi biashara. Lakini midomo yetu hutumia mizani ile ile: tumepewa nani badala yake, wenzetu wamepata mzuri zaidi, sisi tumepunjwa. Na padre mgeni, kabla hajafungua mlango wa nyumba ya mapadre, ameshakuwa nusu ya mtu, kwa kuwa kosa lake ni kutokuwa yule aliyeondoka. Wengi wetu siku moja tutakuwa wageni wa namna hiyo.

Ubishi wa mashabiki si kitu kibaya. Tunaupenda, maana watu wanaobishana juu ya haki na busara, hata kwa mfano wa mpira, wanafanya falsafa bila kujua. Tunachoomba ni mambo matatu yanayowezekana. Tuuhukumu uamuzi kwa yale yaliyojulikana siku ulipofanywa. Tuwahoji wenye mamlaka, tusiwaonee wasio nayo. Na kila Julai, habari ya mabadilishano inapotoka na macho yote yanakimbilia jina la kwanza, tuisome orodha hadi mwisho, tumtamke kila mmoja kwa jina lake. Kama wa mwisho bado hana jina, tukumbuke kwamba mahali fulani yupo kijana anayefanya mazoezi asubuhi hiyo, ana wazazi waliompa jina, na hajaambiwa bado kwamba ni yeye.